Mutoto wa Universite Mwenye Tulimukataza Nyundo

Wadogo zangu wa ateliye,

Kila mara nikipita ku mulango wenu munaniuliza kwa mikono namna gani muntu kijana vile iko pensioné, amekwisha kustaafu, na hana hata munvi moja. Naandika ili nimalize ile ulizo. Tena kuandika kunachokesha kidogo kuliko kusema. Nikisema, munajibu, na mi sisikii; munarudilia, na mi sisikii; mwisho tunachekana tu sawa wajinga wawili, kila mumoja anaenda kwake.

Munganga wa Compagnie ya reli alinikalisha ku kiti, akaenda nyuma yangu, akapiga makofi. Sikugeuka. Akapiga tena. Mama wa kufagia njo alinigusa bega. Niligeuka, nikaona muzungu anapiga makofi, nikafikiri ananipongeza, nikamuambia merci. Ile siku njo kazi yangu ilikwisha. Wazee wanatokaka ku kazi na fimbo; mimi nilitoka na meno yote na magoti yote. Masikio tu njo ilibaki kule ndani ya chuma.

Mambo ya kupanda cheo sitaandika. Sikupanda sana ya kupata kizunguzungu.

Nilianza vile. Nilipomaliza kelasi ya primaire kwa wamisionari, mwalimu alimuambia baba mudogo kama niko na akili, lakini mudomo inaipita akili mbio. Baba mudogo alifikiri kidogo, akanipeleka ku ateliye ya reli hapa Kindu, karakana ya kutengeneza locomotive, pale karibu na port, pale gari-moshi inachoka na boat inaanza. Kama niko na mudomo, acha nikae pale makelele inaushinda mudomo. Hakukosea.

Mwenye alinipokea alikuwa Baba Mulonda. Nyinyi mulimukuta amekwisha kupunguka, lakini wakati ule alikuwa na shingo sawa nguzo, na alikuwa mukubwa wa mafundi wote weusi. Nilikuwa nimebeba sertifika yangu, nimeifunga mu kitambaa sababu ya jasho. Hakuiangalia. Alisema:

"Geuka."

Nikageuka.

"Uko mwembamba. Unaweza kupita pale?"

Alionyesha tundu ya shodiere, ile tumbo ya chuma ya locomotive yenye maji inatokotaka ndani. Tundu ilikuwa ndogo, mbwa mwenye kula vizuri hawezi kuipita. Nikaingiza kichwa, bega moja, bega ya pili, nikaanguka ndani ju ya masizi. Kutoka inje nikasikia sauti yake:

"Basi, umeshinda. Ikala mule."

Ile njo ilikuwa konkuri yangu, mutihani ya kuingia ku kazi. Niliikala mule paka siku munganga alipiga makofi.

Kazi ya muntu wa ndani munaijua: mwenzako iko inje anapiga na nyundo riveti, ile musumari nene ya kuunga chuma, weye ndani unaegemeza chuma nzito ku kichwa cha riveti ili isikimbie. Kila pigo inapita mu chuma, mu mukono, mu meno, inafika mu kichwa na inaikala. Fikirini muko ndani ya kengele ya katedrale, na padri amekasirika. Wiki ya kwanza nilitia pamba mu masikio. Wiki ya pili nilitia pamba na nta. Bure. Mukisikia muntu anawauzishia dawa ya makelele, mumuingize mu shodiere kwanza, aielezee riveti.

Mule ndani hakuna maneno, kwa hiyo Baba Mulonda alinifundisha luga ya mafundi wa shodiere. Ngumi ku kifua: ngojea. Vidole viwili mbele ya mudomo: moto, usishike. Kuvunja kijiti mu hewa, kijiti yenye haiko: chuma imepasuka, usipige tena. Na mukono wazi juu ya kichwa: chefu anakuja. Chefu wa ateliye alikuwa Mubelgiji mumoja murefu, tulimuita Bwana Mwavuli, sababu mabati yetu ilikuwa inavuja na yeye alikuwa anatembea ndani ya nyumba amefungua mwavuli. Hakuelewa hata siku moja kwa nini watu sita wanajipangusa nywele mara moja kila akitoka mu biro.

Tena Baba Mulonda alinifundisha kuangalia midomo.

"Usiangalie macho, Kasuku," alikuwa anasemaka. Kasuku njo mimi, munajua kwa nini. "Macho inadanganya. Mudomo haiwezi kusema maji bila kujifunga."

Polepole nikajua midomo ya watu wote wa ateliye. Ya Bwana Mwavuli niliijua kuliko ya mama yangu. Biro yake ilikuwa na kioo kubwa ili atuangalie tukitumika. Alisahau kama kioo inaangaliaka pande mbili. Alikuwa anafunga mulango, anasemea Wazungu wenzake mambo yetu, na sisi tunasoma pale na nyundo mu mikono. Kifaransa yangu ilikuwa ya primaire, lakini hakuna fundi wa Kindu mwenye hajui namna mudomo inafanya ikisema renvoyé, amefukuzwa. Kwanza inachungulia mbele sawa inataka kubusu, halafu inafunguka kama imeona bibi ya muntu mwingine.

Njo vile miaka ilipita. Sitawaeleza kila locomotive. Zote zilikuwa chafu na zote zilirudi. Kazi moja tu njo nataka muijue vizuri, sababu kila muntu anaielezaka namna yake, na wengine wanasema bongo, uongo mutupu. Ni kazi ya Amisi.

Amisi alikuwa mutoto wa hapa hapa, wa upande wa musikiti. Baba yake alikuwa anatia kuni mu moto ya boat, paka kifua kilimukatala akakufa. Mama yake, Mama Zena, alimulea na wali ya kuuzisha. Amisi alisoma kelasi ya serikali, akasoma, akasoma, na siku moja tukasikia ameingia mu universite ya serikali kule kusini, kusomea kazi ya injenieri. Kuingia kule haikuwa ovyo. Vijana wa kila pembe wanaikalishwa mu chumba moja na makaratasi, na wengi wanarudi kwao kuwa wakarani. Na wenye wameingia, kila mwaka wanachungwa tena kama unga. Wa Kindu alikuwa mumoja tu. Kama akianguka, hakuna mwingine nyuma yake.

Likizo ya kwanza wakamutuma kwetu kufanya staji, mafunzo ya kazi. Karatasi yake ilisema: atumike na mikono yake, atengeneze kintu kimoja peke yake, na profesa atapita kukiangalia. Kikiwa kibaya, universite imekwisha. Bwana Mwavuli alitusomea ile karatasi mbele ya wote. Tuliisikia. Hata mi niliisikia, masikio yangu ilikuwa ingali inafunguka asubuhi.

Halafu tukafanya nini? Tukamutengenezea kiti.

Ndiyo. Siku ya kwanza Amisi alikuja na kombinezo mupya, nguo ya kazi, mistari ya pasi ingali ku miguu. Alikamata nyundo. Baba Mulonda alimukimbilia na ile shingo yake:

"Hapana, hapana, mutoto! Weka chini. Utajichafua."

"Baba, nimekuja kutumika."

"Utumike? Weye? Sisi tunatumikaka ili siku moja muntu wetu asitumike. Ikala."

Maminizye, mafundi wa mbao, wakaleta kiti, ya muti ya libuyu, na mugongo murefu. Wakaandika nyuma na chaki: INJENIERI. Akiinama kuokota bulon moja ya chuma, watu watatu wanainama mbele yake. Akitaka maji, yanafika. Na yeye alikuwa mutoto wa heshima; ukikatala kiti ya wakubwa umewatukana. Akaikala. Aliikala siku mingi sana, mikono ju ya magoti, na watu walikuwa wanatoka paka ku port kuja kumuangalia anaikala.

Nisidanganye: ile kiti ilitufaa mara moja. Tulikuwa na shodiere moja yenye ilikuwa inatema riveti pa kona ileile. Tunatia, inatema. Baba Mulonda alikuwa anatia chuma nene zaidi kila mara, na inatema zaidi, hata tukafikiri kuna muntu ameiloga. Amisi alitoka ku kiti, akachukua chaki, akachora ile kona pa simenti, na mistari, na namba, tukazunguka. Akasema kwa upole:

"Baba, chuma ya zamani iko nyembamba. Ikipata moto inanyooka. Hii yenu mupya iko nene, haitaki kunyooka. Sasa wanavutana, na riveti njo inakatika katikati yao. Mutie nyembamba sawa mwenzake."

Baba Mulonda alizunguka ule mchoro sawa muntu anazunguka nyoka. Halafu akasema, "Tutie." Tukatia nyembamba. Ile kona haijatema paka leo. Kwa hiyo muntu asiwaambie kama chaki haifundishe kintu. Mi nilikaa miaka ndani ya ile kona, sikuiona.

Lakini profesa hakuwa anakuja kuangalia chaki.

Siku moja saa ya kula Amisi aliniita nyuma ya magurudumu. Alisema na sauti ya chini, kwa hiyo niliangalia mudomo.

"Mukubwa Kasuku, unifundishe lime."

Lime njo ile chuma yenye meno, ya kukwangua chuma mwenzake.

"Kule kwenu hamufundishwe?"

"Kule shodiere yetu iko ya chaki. Haina joto, haina makelele, na ukikosa unapangusa. Mukubwa, sijawahi kukata chuma hata ya musumari. Na hapa kila nikishika kintu, muntu anakitoa mu mikono. Nitaanguka. Wananipenda paka nitaanguka."

Nilimuangalia. Nilikuwa nimechoka ile siku, kichwa kilikuwa kinalia sawa kawaida, na nilikuwa na ugali yangu inaningojea. Nikamuambia:

"Vua shati ya pasi. Unaweza kupita mu tundu?"

Nilimuingiza mu shodiere, sababu mule ndani hakuna muntu wa kumupokonya nyundo, nafasi haiko. Alishikilia chuma, nikamuonyesha alama zetu moja moja, ngumi ku kifua, vidole ku mudomo, kijiti. Akazijua mbio kuliko mimi. Siku ya pili aliponda kidole. Siku ya tatu aliponda ya jirani. Alipotoka inje, mweusi ya masizi juu ya mweusi ya Mungu, watu wa ateliye walinyamaza sawa nimetoa maiti.

Mama Zena alikuwa analeta wali na sombe kila saa sita pa mulango. Akamuona vile.

"Baba Mulonda! Nilikuachia mutoto, unanirudishia makaa?"

"Si mimi, Mama. Ni huyu Kasuku."

"Kasuku! Kile kidole njo anaandikaka nacho! Kama unataka kidole ya kuponda, weye uko na kumi!"

"Mama Zena, ya kwangu ilishapondwa yote. Njo maana naazima."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Aliweka sahani chini, akafunga kikwembe vizuri, na midomo yake ilianza kutetemeka, ile haiko luga yenye nilifundishwa.

"Moshi ilinikulia bwana," akasema. "Nilimutuma huyu mbali ili atoke mu moshi. Sasa munamurudisha nayo ndani?"

Amisi njo alimujibu. Alichuchumaa mbele yake, hakumugusa sababu ya uchafu.

"Mama, nisipotengeneza kile kintu na mikono yangu, watanirudisha. Wakinirudisha, nitaingia mu moshi na sitatoka. Acha niingie kidogo sasa."

 Mama akachukua kijiko, akamulisha wali pale pale mu mudomo sawa mutoto mudogo, sababu mikono yake ilikuwa chafu, na ateliye yote inaangalia. Ile siku njo kiti ilihamishwa pa kona.  Baba Mulonda alienda kuikalia yeye.

Kintu cha kutengeneza kilikuwa hiki: chuma moja bapa na tundu ya pembe ine katikati, na chuma ya pili, kipande cha pembe ine, chenye kinaingia mu ile tundu. Kinapashwa kuingia ukikigeuza kila upande, bila kuacha hata nafasi ya mwangaza kupita. Mukiona inafanana na kazi ya mutoto, mujaribu. Amisi alikichora vizuri sana. Ule mchoro ungeweza kuoa. Lakini chuma haisomi mchoro. Alikwangua hapa, ikazidi pale. Akafuata pale, ikapunguka hapa. Nilimuonyesha kusimama, miguu, kusukuma lime na mwili wote na si na kiwiko, kurudisha bila kugandamiza. Jioni alikuwa hawezi kufunga kifungo. Nikimuangalia, namuona anahesabu mu kichwa, mudomo inacheza. Nilimuambia, "Acha namba ipumzike, utaiita baadaye." Siku ya mwisho kabla ya profesa, kipande chake kilikuwa kinaingia upande moja na nguvu, upande ya pili na matusi, upande ya tatu hakiingie. Kingali kibaya. Lakini kilikuwa chake.

Sasa munisikilize. Kesho yake asubuhi Amisi alitumwa ku gare, kituo cha gari-moshi, kupokea profesa. Sisi tulifika ku kazi mbele yake. Na pa eto yake, ile meza ya kubania chuma, pale alikuwa ameacha chuma zake, tukakuta zingine. Ndugu zangu, ile kazi! Inangaa sawa sahani ya harusi. Nikatia kipande mu tundu: kiliingia na mupumuo, fuu, sawa muntu anaikala ku kiti ya libuyu. Nikageuka. Baba Mulonda alikuwa anapanga vyombo vyenye vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Baba," nikamuambia. "Umefanya nini?"

"Mi? Sijafanya kintu."

"Chuma za mutoto ziko wapi?"

Aligusa mufuko ya blouse yake. "Ile haiko ya kuonyesha Wazungu," akasema. "Watasema Kindu yote haijui kazi. Mutoto mumoja tuko naye, Kasuku. Mumoja. Niache aanguke na mi naangalia?"

Nilikuwa nataka kumujibu, lakini watu wote walikuwa wamekwisha kujipangusa nywele. Bwana Mwavuli alikuwa anaingia, na profesa nyuma yake, mufupi, na miwani, na nyuma yake Amisi anabeba sanduku.

Amisi aliona zile chuma kutoka mbali. Alisimama. Aliangalia Baba Mulonda, na Baba Mulonda aliangalia mabati. Mutoto afanye nini? Amuaibishe muzee mbele ya Wazungu? Profesa alishika kipande, akatia mu tundu, fuu. Akageuza, fuu.  Aliangalia Bwana Mwavuli, wakaingia mu biro na zile chuma, wakafunga mulango.

Watu wa ateliye walifurahi. Mumoja alikuwa tayari kwenda kuita Mama Zena. Mi nilikuwa nasoma kioo.

Bwana Mwavuli alisema: si yeye. Nikaona vizuri. Akasema: najua mukono ya Mulonda. Profesa alitoa miwani, akapangusa, na midomo yake sikuijua, ilikuwa ya mugeni, inakula maneno. Lakini halafu mudomo ikachungulia mbele, ikafunguka. Renvoyé. Akairudilia mara ya pili, na Bwana Mwavuli akainamisha kichwa: ndiyo.

Amisi alikuwa amesimama pa eto yake, mugongo ku kioo, hajaona kintu. Kati yetu kulikuwa locomotive muzima. Siwezi kupiga kelele, nikipiga, wanasikia. Nikainua mikono, nikavunja kijiti yenye haiko. Imepasuka, usipige tena. Na nikaonyesha biro na kidevu.

Aliniangalia. Wakati ya muntu kumeza mate, basi. Halafu akatembea, si ku biro. Alienda kwa Baba Mulonda, akasimama mbele yake, akafungua mukono.  Na ule muzee, mwenye aliinua locomotive na bega yake, akainamisha ile shingo. Akaingiza mukono mu mufuko, akatoa zile chuma mbaya, akaziweka mu kiganja ya mutoto. Amisi akafunga vidole, akaenda, akapiga mulango ya biro, akaingia.

Maneno yenye alisema mule sijui. Mugongo haina midomo. Nilimuona profesa tu. Alisema: kwa nini? Akasikiliza murefu. Akakamata kipande kibaya, akakiingiza, upande ya kwanza kikaingia na nguvu. Akavuta ili akigeuze. Hakikutoka. Akavuta tena, na miwani ikaanguka. Bwana Mwavuli alipashwa kutoka inje kuomba nyundo ili kukitoa, na ule uso wake, wadogo zangu, mi namusamehea kila kintu sababu ya ule uso.

Hukumu ilikuwa hii. Profesa alikuwa anashuka na boat paka Ponthierville na mbele, na anapashwa kurudia kwetu ili apande gari-moshi. Amisi atengeneze kingine paka boat irudi. Muntu akigusa, Amisi anarudishwa na yule mwenye aligusa naye anarudishwa.

Ile haikuwa azabu ya Amisi. Ilikuwa azabu yetu. Kuangalia muntu wako anakwangua vibaya, na weye unajua pale anakosea, na mikono yako iko mu mufuko! Mafundi walikuwa wanapita mbali na ile eto sawa iko na ukoma. Baba Mulonda alishindwa kabisa. Aligeuza kiti, akaikala na mugongo ku Amisi ili asione; na akisikia lime inateleza vibaya, anaruka pa kiti sawa wamemuchoma. "Oo mama," anasema. "Oo mama, hapana." Amisi alikuwa anacheka, anaanza tena. Mama Zena alileta wali, akaiweka chini, akaenda.

Boat ikarudi. Wanasema ilipiga firimbi. Siku zile mi nilikuwa nimekwisha kuacha kuisikia, niliona tu watu wanageuza vichwa. Profesa alikuja amevaa kofia, hakuikala. Akatia kipande. Kiliingia. Akageuza, kiliingia. Akageuza, akageuza. Akainua mbele ya dirisha, na pa kona moja mwangaza ilipita, kidogo, sawa unywele. Aliangalia ile mwangaza murefu kuliko namna nilipenda. Halafu akaandika neno moja pa karatasi ya staji, akamupa Amisi mukono.

Amisi alitusomea: "Suffisant."

"Maana yake?" Baba Mulonda akauliza.

"Inatosha, Baba."

"Inatosha?" Muzee alisimama. "Paka inatosha tu? Miaka yote hii mu hii ateliye, mutoto anatoka kwangu na inatosha?" Alikasirika wiki muzima. Mama Zena yeye alikaa pa mulango, pa udongo, na kikwembe chake safi, akalia paka wali ikapoa.

Ku gare tulimusindikiza wote. Gari-moshi ilikuwa inapumua, nilikuwa naisikia mu miguu. Amisi alitoa kichwa pa dirisha. Nilikuwa na ulizo moja, na ilikuwa inanichokesha tangu ile siku, kwa hiyo niliisema:

"Mudogo, kama nisingevunja kijiti, ungeingia mu biro?"

Alianza kujibu. Pale pale mama yake alimuvuta mukono kwa upande mwingine ya dirisha, akageuka, na jibu yote nikaiona kutoka nyuma ya sikio. Magurudumu yakazunguka. Akapunga mukono, na akaenda. Iko kule paka leo, kila mwaka wanachunga unga na yeye anabaki.

Baba Mulonda alikuwa karibu, na masikio yake ilikuwa ingali nzima kidogo. Nikamuvuta.

"Amesema nini?"

Aliangalia reli kwanza. Halafu akageuza uso kwangu vizuri, akafungua mudomo polepole, ili nisome kila neno:

"Amesema angeingia. Amesema alikuwa amekwisha kuinua muguu."

Ilisomeka wazi kabisa. Lakini yeye njo alibadilisha chuma sababu ya mapendo, na maneno iko mwepesi kubadilisha kuliko chuma. Sikuuliza tena. Tulirudi ku kazi, nikaingia mu tundu.